Viini vinane, programu ya uzi mmoja

Mwenyekiti wa bodi ya SACCOS yetu aliingia ofisini wakati ripoti ya gawio ikiendelea kukokotolewa. Baada ya shikamoo na marahaba alivuta kiti, akavaa miwani, akatazama kioo cha kompyuta mpya kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Kijana," aliniambia, "mashine ya zamani ilikuwa na viini viwili, hii ina vinane. Nane kwa mbili ni mara nne. Mbona kazi imeharakika mara mbili tu?"

Hesabu yake haikuwa na kasoro. Ripoti hiyo, ambayo huandaliwa kila mwaka kabla ya mkutano mkuu, ilikuwa ikichukua saa mbili na ushee kwenye mashine ya zamani yenye prosesa ya Core 2 Duo E8400. Sasa ilikuwa ikimalizika kwa takriban saa moja kwenye mashine yenye Core i7-9700, ambayo tuliinunua ikiwa imetumika. Nilimweleza kwamba programu yetu, iliyoandikwa kwa Visual Basic 6 na fundi aliyekwisha kuhama mji, ina uzi mmoja tu. Hutekeleza agizo moja baada ya jingine katika msururu mmoja, na msururu mmoja hukaa kwenye kiini kimoja, yaani sehemu moja ya prosesa inayotekeleza maagizo, kwa wakati mmoja.

"Mzee," nilimalizia, "sufuria moja ya maharage haiivi mapema kwa sababu jikoni kuna majiko manane."

Alicheka. "Sawa. Lakini mwenye majiko manane hapiki kwa sufuria moja."

Akaondoka kwenda kikaoni, na maneno yake yakanikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba jibu langu lilieleza kwa nini hatukupata mara nne, lakini halikueleza zile mara mbili zilitoka wapi. Tena lilichukulia kwamba viini saba vilivyobaki havikuwa na msaada wowote kwa programu ile. Hilo ni jambo ambalo mafundi wengi hulisema kwa uhakika, na ni wachache sana wanaokaa chini kulipima.

## Asilimia 13

Ukifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila programu inatumia prosesa kiasi gani, wakati programu yetu ikifanya kazi, safu yake inaonyesha asilimia 13, wala haipandi. Mia ukiigawanya kwa nane unapata 12.5, kwa hiyo asilimia 13 ni kiini kimoja kilichojaa pomoni. Mtu asiyejua ataona namba hiyo na kudhani mashine imepumzika, ilhali kwa upande wa programu hakuna nafasi hata chembe iliyobaki.

Grafu ndiyo inayopotosha zaidi. Ukiomba kuonyeshwa kila kiini peke yake, unapata miraba minane, na yote inapanda na kushuka kidogo kidogo kana kwamba kazi imegawanywa kwa haki. Anayeitazama ataapa kuwa viini vyote vinashirikiana. Ukweli ni kwamba vinapokezana: Windows huusimamisha uzi kwa kipande cha sekunde, hushughulikia jambo jingine, kisha huurudisha kazini kwenye kiini chochote kilicho huru, na grafu huchora wastani wa mizunguko hiyo.

Niliibana programu kwenye kiini kimoja kwa kutumia chaguo la affinity lililomo humo humo kwenye Task Manager. Mraba mmoja ukajaa hadi juu, saba ikatulia, na muda wa kumaliza kazi haukubadilika kwa kiasi cha kutajika.

## Kwa nini prosesa haiigawi kazi yenyewe

Hapa kuna swali ambalo mwenyekiti hakuuliza, lakini angeweza. Ikiwa prosesa ina akili kiasi hicho, kwa nini isichukue msururu wetu na kuukata vipande vinane?

Tazama kazi yenyewe. Ili kupata gawio la mwanachama, programu hukokotoa wastani wa hisa zake kwa mwezi. Salio la Februari linatokana na salio la Januari pamoja na miamala ya Februari. La Machi linatokana na la Februari. Kiini cha pili hakiwezi kuanza Machi kabla cha kwanza hakijamaliza Februari. Prosesa, ikisoma maagizo ya mashine yaliyotokana na programu, haioni wanachama wala miezi. Inaona namba zinazosomwa na kuandikwa, na haina namna salama ya kujua mapema ni ipi itakayotegemea ipi maelfu ya maagizo mbele.

Kwa umbali mfupi, inaweza. Kiini kimoja cha kizazi cha i7-9700 hushikilia hadi maagizo 224 kwa wakati mmoja, kikatafuta yasiyotegemeana na kuyatekeleza kwa pamoja, nje ya mpangilio yalivyoandikwa, kisha kikayarudisha kwenye mpangilio kabla matokeo hayajaonekana. Huo ni ugawaji wa kazi wa kweli, lakini unafanyika ndani ya kiini, ambako namba husafiri kwa mizunguko michache, yaani mapigo machache ya prosesa. Kuipeleka namba hiyo hiyo kiini cha jirani hugharimu makumi ya mizunguko. Kwa hatua ndogo kama za programu yetu, safari ingekula faida yote na kudai nyongeza.

Programu yetu ilizaliwa wakati ambapo jambo hili halikumsumbua mtu. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kuwa transista, zile swichi ndogo sana za umeme zinazounda prosesa, zikipunguzwa ukubwa kwa utaratibu fulani, umeme unaotumika kwenye eneo lile lile haubadiliki, na hivyo kasi inaweza kupandishwa bila prosesa kuungua. Utaratibu huo ulitulisha kwa miongo mitatu. Visual Basic 6 ilipotoka mwaka 1998, mwandishi wa programu nzito aliweza kukaa akisubiri, na mashine ya mwaka uliofuata ingeiharakisha kwa niaba yake. Kisha joto likashinda. Oktoba 2004 Intel ilifuta mpango wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4, na kufikia katikati ya 2005 kompyuta za mezani zilikuwa zikiuzwa na prosesa za viini viwili. Watengenezaji waliendelea kutupa transista zaidi kila mwaka. Walichoshindwa kutupa ni kasi ile ya zamani, na viini vingi ndiyo njia waliyoiona ya kuzitumia.

Hatukuviomba.

## Kuvizima viini

Kipimo kilichonibadilisha mawazo ni rahisi, na ninashangaa kwamba hakifanywi mara nyingi zaidi. Ndani ya msconfig, zana ya mipangilio ya Windows, kwenye sehemu ya kuwasha mashine, kuna mahali pa kuchagua idadi ya prosesa ambazo Windows itaruhusiwa kuziona. Nilichagua moja, nikawasha mashine upya, nikaendesha ripoti ile ile kwa data ile ile.

Kama viini saba havina msaada kwa programu ya uzi mmoja, kuviondoa kusingebadilisha kitu.

Kazi ilichukua karibu saa moja na nusu. Kipanya kilikuwa kikiganda katikati ya kioo, na kufungua Task Manager kwenyewe kulihitaji subira. Sababu ilionekana mara tu ilipofunguka: kila programu yetu iliposoma faili, antivairasi nayo iliikagua, na sasa ilikuwa ikifanya hivyo kwa kukaa foleni kwenye kiini kile kile. Huduma ya kutafuta mafaili, masasisho, huduma ya printa, uchoraji wa madirisha, vyote vilidai zamu. Programu yetu ina uzi mmoja, lakini Windows iliyoizunguka ina nyuzi zaidi ya elfu moja, na ingawa nyingi zimelala, zile zinazoamka hulazimika kula kutoka sahani ya mtu fulani.

Nilipoongeza kiini cha pili, muda ulirudi hadi kupita saa moja kwa dakika chache tu. Vinne na vinane havikuleta tofauti ambayo ningeweza kuitenganisha na kupanda na kushuka kwa kawaida kwa siku hadi siku.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni ndiyo. Programu ya uzi mmoja hunufaika na viini vingi, na faida hiyo karibu yote iko kwenye kiini cha pili. Cha tatu huleta kidogo. Cha nane, kwa programu moja iliyo peke yake kwenye mashine ya ofisi, ni pambo.

## Faida au fidia

Bado zile mara mbili zilikuwa hazijaelezwa. Mashine ya zamani nayo ilikuwa na kiini cha pili cha kubeba antivairasi, kwa hiyo hilo halikuwa jipya.

Karatasi za prosesa zote mbili zinasema gigahezi 3.0. Tofauti ni kwamba kwa E8400 hiyo ndiyo kasi yake yote, ilhali i7-9700 inaweza kupanda hadi 4.7 pale kiini kimoja tu kinapofanya kazi. Intel iliuleta utaratibu huo kwenye kompyuta za mezani mwishoni mwa 2008: viini vingine vikilala, nafasi ya umeme na joto iliyotengwa kwa ajili yao hupewa kile kinachohangaika. Kutoka 3.0 hadi 4.7 ni zaidi ya mara moja na nusu. Sehemu iliyobaki inatokana na kiini chenyewe kuwa bora, kwa kutekeleza maagizo mengi zaidi katika kila mzunguko.

Je, hii tuihesabu kuwa faida ya viini vingi? Nimeligeuza swali hili mara nyingi. Ni kweli kwamba viini saba, kwa kulala tu, vinamwezesha mwenzao kukimbia. Lakini prosesa yenye kiini kimoja, iliyopewa kikomo kile kile cha wati 65, ingeweza kukimbia kwa kasi hiyo wakati wote bila kumwomba mtu ruhusa. Kinachofanyika hapa ni kwamba viini vingi vinarudisha kile ambacho uwepo wao ulikichukua. Mimi nakiita fidia.

Hifadhi ya ndani ya prosesa, ile kumbukumbu ndogo ya haraka inayoweka data karibu na viini, ni jambo tofauti, na hapa majirani wanatoa kitu halisi. Kwenye i7-9700 kila kiini huja na megabaiti 1.5 za hifadhi ya haraka ya ngazi ya tatu, lakini mafungu yote manane yameunganishwa kuwa megabaiti 12 ambazo kiini chochote kinaweza kuzitumia. Programu yetu, iliyokuwa ikisoma majedwali yale yale tena na tena, ilikuwa ikitumia hifadhi ya watu wanane peke yake.

Hapa ndipo ninapowaelewa, na papo hapo kuwalaumu, wauzaji wa simu wanaotangaza viini vinane kana kwamba ni uzito wa dhahabu. Simu nyingi za bei nafuu zina viini vinane vidogo vya aina ya Cortex-A53 au A55, na nusu ya muda vingi vyake vimelala. iPhone 6s ya mwaka 2015 ilikuwa na viini viwili tu, lakini vikubwa, na ilizishinda kwa urahisi simu za viini vinane vidogo za wakati huo katika kufungua ukurasa mzito wa intaneti. Sehemu kubwa ya kazi ya ukurasa hufanywa na uzi mmoja. Mteja anayehesabu viini bila kuuliza kila kimoja kina nguvu kiasi gani ananunua idadi.

## Nyuzi zisizoandikwa na mtu

Ingekuwa programu yetu imeandikwa kwa Java, hadithi ingekuwa na sura nyingine. Mwandishi angeandika uzi mmoja, lakini mashine ya Java, yaani programu inayoendesha msimbo wa Java, ingeanzisha nyuzi zake yenyewe, nyingine za kutafsiri sehemu zinazotumika sana kuwa maagizo ya mashine, nyingine za kusafisha kumbukumbu isiyohitajika tena. Node.js, inayoendesha programu za JavaScript na ambayo huelezwa kila mahali kuwa ni ya uzi mmoja, ina kundi la nyuzi nne nyuma ya pazia kwa ajili ya mafaili na shughuli nyingine chache. Python kwa miaka mingi ilikuwa na kufuli moja lililozuia nyuzi mbili kutekeleza msimbo wake kwa wakati mmoja, na toleo la 3.13 la Oktoba 2024 ndilo la kwanza kutoa, kwa majaribio, namna ya kuliondoa.

Visual Basic 6 haina neema hizo. Ulichoandika ndicho utakachopata.

## Sufuria nane

Lililobaki ni lile neno la mzee. Nilikuwa nikiitazama programu, na yeye alikuwa akiitazama kazi, na hivi ni vitu viwili. Salio la Machi la mwanachama linasubiri salio lake la Februari, lakini halisubiri salio la mwanachama mwingine yeyote.

Programu ina vitufe viwili. Cha kwanza kimeandikwa "Kokotoa Wastani", na juu yake kuna visanduku viwili ambavyo hakuna aliyewahi kuvigusa, vya kuanzia namba fulani ya mwanachama hadi namba fulani. Fundi yule bila shaka aliviweka ili aweze kurudia sehemu iliyoharibika. Cha pili kimeandikwa "Gawa Ziada". Kati ya ile saa moja, kitufe cha kwanza kilichukua dakika 45 na cha pili dakika 15.

Wazo la kwanza lilikuwa kugawa kwa matawi, lakini tawi la mjini lina wanachama wengi kuliko matawi mengine yote yakiunganishwa, na foleni humalizika pale wa mwisho anapomaliza. Nikagawa kwa namba za wanachama, mafungu manane yaliyo karibu sawa, nikafungua nakala nane za programu ile ile bila kugusa herufi moja ya msimbo wake.

Hazikwenda. Zote zilikuwa zimefungua hifadhidata moja ya Access, na pembeni ya faili la mdb kulikuwa na lile faili dogo la ldb ambamo Access huandika nani ameshika nini. Kila nakala ilipotaka kuandika wastani wa mwanachama, ilisubiri zamu. Miraba minane kwenye Task Manager ilikuwa imeamka, lakini ilikuwa imeamka ili isubiri.

Tiba ilikuwa ya kifundi cha kawaida: folda nane, kila moja na nakala yake ya programu, faili lake la mipangilio (ini) linaloonyesha hifadhidata iko wapi, na nakala yake ya hifadhidata. Mwishoni, majedwali manane ya wastani yanaunganishwa kuwa moja. Safari hii feni ilinguruma kwa mara ya kwanza tangu mashine ifike. Kasi iliyoonyeshwa na Task Manager, ambayo kwa nakala moja ilikuwa ikicheza juu ya gigahezi 4.5, ilishuka chini ya 4, kwa sababu hapakuwa tena na jirani aliyelala wa kutoa nafasi yake ya joto. Hifadhi ya megabaiti 12 nayo sasa ilikuwa na walaji wanane. Dakika 45 zikigawanywa kwa nane ni chini kidogo ya 6. Nilipata kama 8.

Nilizipokea kwa mikono miwili.

## Robo iliyobaki

Kitufe cha pili hakigawanyiki. Kiwango cha gawio hupatikana kwa kuichukua ziada na kuigawanya kwa jumla ya wastani wa wanachama wote, na jumla haiwezi kujulikana hadi wote wawepo. Mwaka 1967 Gene Amdahl wa IBM, akiwatetea waliotaka kuendelea na mashine za prosesa moja, alitoa hoja ambayo leo huandikwa kama kanuni: sehemu isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo, hata uongeze prosesa ngapi. Kwetu sehemu hiyo ilikuwa robo ya kazi. Hata ningepewa viini elfu moja, nisingeweza kupita mara nne.

Nilianza kukitazama kitufe hicho kwa jicho jipya, kwa sababu sasa kilikuwa kimekula zaidi ya nusu ya muda wote. Kwa kila mwanachama kilitafuta safu yake kwenye jedwali la wastani, na jedwali hilo halikuwa na faharasa (orodha ya kuelekeza moja kwa moja kwenye safu inayotafutwa) kwenye namba ya mwanachama, kwa hiyo kila utafutaji ulianzia mwanzo wa jedwali. Nililifungua kwenye Access, nikaweka faharasa, nikahifadhi. Dakika 15 zikawa chini ya 3.

Matokeo yake yana ukaidi fulani. Kwa kuiharakisha ile sehemu ambayo viini vingi haviisaidii, nilivifanya viini vingi viwe na thamani zaidi, kwa kuwa kikomo cha Amdahl kilipanda kutoka mara 4 hadi kama mara 16. Mtu aliyeuliza kabla ya faharasa kama tununue prosesa ya viini 16 angepata jibu tofauti na anayeuliza leo, ingawa programu ni ile ile na uzi ni ule ule mmoja.

Jibu langu la leo bado ni hapana. Viini 16 vingetupunguzia dakika tatu au nne, na ripoti ya gawio hutoka mara moja kwa mwaka. Kwenye ombi la bajeti nimeandika betri ya UPS, kwa sababu umeme ukikatika dakika ya saba, nakala zote nane huanza upya kwa pamoja.